Hatua Moja Juu

Ikolo, 4 Februari 1912

Kaka yangu Anyosisye,

Ndaga, nakusalimu. Sauti iliyobaki nami tangu uondoke si ya baragumu. Ni ya kile kibonyezo chake cha katikati. Asubuhi ile, mzigo wako ukiwa umekwisha kufungwa, ulirudi ndani, ukalishika baragumu lako, ukabonyeza bila kupuliza, nacho kikarudi juu: tik. Kisha ukalisimamisha kwenye kona na kutoka bila kumtazama mtu. Nilikuwa nyuma ya mlango. Wengine wanakumbuka nyimbo ulizopiga. Mimi nimebaki na hiyo tik, na siwezi kuitoa kichwani.

Naandika kwa Kiswahili kama ulivyoagiza, kwa kuwa karani wa shule yenu husoma kila barua kabla hujaipata na Kinyakyusa hakijui. Basi nitasema yale ambayo karani anaweza kuyasoma.

Mzee Yakobo wa Katumba Songwe amezikwa. Bendi ya misheni haikupiga. Bila eufonia, yaani baragumu lako (jina hilo la Bwana mchungaji limeshika, hata Mama analitumia) wimbo wa maziko hauna mwili, maana kornet mbili, yale mabaragumu madogo, na lile pembe kubwa la begani hupamba tu, na wimbo wenyewe ulikuwa kwako. Kwa hiyo ngoma ziliingia uwanjani. Baba mdogo Nsajigwa alikuwa wa kwanza kuruka na mkuki. Vumbi likatimka juu ya kaburi bichi la mtu aliyebatizwa kabla yetu sote, na vijana wakawa wanawakonyeza wasichana kwenye migomba.

Baba alisimama mpaka mwisho. Njiani alisema, "Mimi msinifanyie hivi. Mimi nizikwe kwa shaba."

Baba mdogo akacheka. "Kaka Hezroni, shaba yako imelala kwenye kona. Mpulizaji amekwenda kula papa wa pwani. Utazikwa na panya?"

Baba hajambo. Anakohoa kidogo tu.

Nimelichukua baragumu, Kaka, nataka kujifunza. Nilimwomba Mwalimu Lazaro, kwa kuwa ndiye anayeongoza bendi sasa, aniweke na wenzake kwenye mazoezi. Alinijibu mbele yao: "Binti Hezroni, ukipuliza shaba mashavu yatavimba na yatabaki hivyo. Nani atatoa ng'ombe kwa mashavu?" Walicheka sana. Basi najifunza peke yangu, kwenye mashamba ya mpunga karibu na ziwa. Naingiza mdomo mpana wa baragumu katika chungu kikubwa cha Wakisi, wale wafinyanzi wa ziwani, ili sauti isifike njiani.

Niambie: nisome ufunguo upi, ile alama ya mwanzo wa mistari ya noti? Kitabu chetu cha nyimbo kina ufunguo wa fidla kwa sauti za juu na ufunguo wa besi kwa sauti za chini. Na nikipuliza bila kubonyeza kitu, noti inayotoka inaitwaje?

Mdogo wako,
Atuganile


Dar es Salaam, 17 Machi 1912

Atuganile mdogo wangu,

Barua yako niliisoma mara mbili, kisha nikawasomea wenzangu habari ya chungu. Wamecheka mpaka mpiga ngoma akaanguka benchi. Lakini nimewaambia dada yangu akishika jambo haliachii, na hapo hawakucheka tena.

Sikiliza. Huku bendi yote husoma ufunguo wa fidla, wenye baragumu ndogo na wenye kubwa. Ukipuliza bila kubonyeza kitu, iite C. Kibonyezo cha kwanza na cha tatu pamoja ni D. Cha kwanza na cha pili ni E. Cha kwanza peke yake ni F. Kisha huru tena, ila kaza midomo, ndiyo G. Nimekuchorea ngazi nzima nyuma ya karatasi hii. Faida yake ni kwamba mtu akijua vidole vya baragumu moja amejua vya zote.

Kitabu cha nyumbani usikiguse kwanza. Huko tulifundishwa kwa namna nyingine na itakuchanganya. Vuta noti ndefu, moja moja, mpaka pumzi iwe imara. Miezi mitatu bila wimbo. Mbona una haraka? Baba ana nguvu za kulima mpaka wajukuu waote ndevu.

Huku kuna joto la kuchemsha yai. Mwakani nikimaliza, Bwana mchungaji ameniahidi nitarudi kuifundisha bendi ya misheni. Usimwambie Lazaro, atakosa usingizi.

Kaka yako,
Anyosisye


Ikolo, 30 Aprili 1912

Kaka yangu,

Sikukutii, nilianza na kitabu.

Bwana mchungaji na mkewe wamekwenda Ulaya kwa mapumziko, nami nimeachiwa ufunguo wa nyumba yao ili nifute vumbi. Nikapeleka baragumu kwenye kinanda. Nilibonyeza C ya kinanda, kisha nikapuliza C yako. Havikukubaliana. Baragumu lilikuwa chini, kwa hatua moja kamili. Nilidhani limeugua. Nikapuliza tena, nikajaribu F, nikajaribu G, na kila mara lilikuwa chini kwa hatua ileile. Nikakaa sakafuni na kulia, Kaka, kwa sababu nilikuwa nimepiga wiki nzima peke yangu na kujiona sawa. Hilo ndilo linalonitisha katika chombo hiki. Ukiwa peke yako wimbo unakuwa wimbo, hata ukianzia mahali pasipo pake. Hakuna kitu cha kukuambia umepotea mpaka asimame mtu kando yako.

Baadaye nikafikiri. Kitabu cha misheni kinaandika noti kama zinavyosikika kinandani. Ninyi huko mnaziandika kwa namna yenu. Basi nimejitungia kanuni: noti yoyote ninayoiona, napiga ile iliyo hatua moja juu yake. Nikiona C, napiga D. Nikiona F, napiga G. Kwa kanuni hiyo mimi na kinanda tunakubaliana kabisa. Je, ni sahihi?

Sasa ombi. Wimbo wa maziko haumo kitabuni. Bwana mchungaji aliuandika kwa mkono, na nakala anazo Mwalimu Lazaro. Nilimwomba nione, akasema, "Ukiona utataka kupiga." Nikamwambia ndiyo. "Basi ndiyo sababu huoni." Wewe uliupiga miaka mingi. Niandikie kutoka kichwani.

Baba siku hizi analala ameketi. Ni joto tu, anasema. Mpunga umestawi.

Atuganile


Dar es Salaam, 9 Juni 1912

Atuganile,

Una kichwa kuliko wapuliza shaba wote wa misheni tukijumlishwa. Kanuni yako ni sahihi, lakini kwa kitabu pekee. Soma hapa polepole.

Wimbo wa maziko nimeuandika, na karatasi nimempa Eliya, yule mchuuzi wa Kasumulu. Nilimkuta alfajiri msafara wake ukiondoka, sikuwa na nafasi ya kuongeza neno. Nimeuandika kwa ufunguo wa fidla, kwa namna ya huku, na ile hatua moja nimeshaipandisha mwenyewe. Yaani kazi ya kanuni yako nimeifanya tayari kwa kalamu. Kwa hiyo usiongeze kitu. Ukiona C, piga C, na utakuwa pamoja na akina Lazaro.

Karani wa barua ana homa na barua zetu zinarundikana mezani kwake. Sijui hii itaondoka lini. Lakini najua huna haraka.

Mwambie Baba nitamletea kofia.

Anyosisye


Ikolo, 21 Julai 1912

Kaka,

Karatasi imefika kwa mkono wa Eliya, imekunjwa ndani ya kitambaa cha chumvi. Barua yako haijafika. Eliya anasema hukumpa maneno, karatasi tu.

Sasa nitasema, na karani asome akitaka. Baba anakufa. Tangu Februari anatema damu. Alinikataza kukuandikia. Alisema, "Akijua atatoroka shule, na akitoroka hatakuwa mwalimu wa bendi." Nimekudanganya kila barua kwa amri yake. Usije. Huwezi kufika.

Wiki iliyopita alimwita Mwalimu Lazaro kitandani. Nilikuwa nashikilia bakuli. Baba akasema, "Lazaro, mimi na wewe tuliingia maji ya ubatizo siku moja. Mwache binti yangu apige."

"Hajawahi kusimama na sisi hata siku moja, Hezroni."

"Atasimama siku hiyo."

Lazaro alitazama mikeka. Halafu akasema, "Atapiga. Ila asimame nyuma, na kabla ya siku hiyo asije mazoezini. Sitaki maneno ya watu kabla ya wakati."

Nimejifunza wimbo kwa siku chache. Ufunguo ni wa fidla, lakini hilo halikunisumbua, noti ni noti. Nimeutia kwenye kanuni yangu, kila moja hatua moja juu, na wimbo umetoka wote bila kigugumizi. Jana niliupiga nje ya ukuta wa chumba cha Baba, bila chungu. Nilipoingia alikuwa amefumba macho na machozi yakimwingia masikioni. Akasema, "Ndio huohuo." Mama naye akaniletea maji kwa mikono miwili, kama aletewavyo mgeni.

Kaka, nimekuwa mtu mwenye huzuni tangu utotoni, unajua. Jana sikuwa na huzuni.

Atuganile


Misheni, 5 Agosti 1912

Kwa Anyosisye Hezroni,

Salamu katika Bwana. Mimi Mwalimu Lazaro nimeombwa na mama yako Neli nikuandikie, kwa kuwa dada yako hazungumzi.

Baba yako Hezroni alilala tarehe 29 Julai na kuzikwa kesho yake. Walikuja watu wengi, Wakristo na wasio Wakristo. Nsajigwa na ndugu wa ukoo walikaa upande wa migomba, ngoma zikiwa chini, kwa kuwa niliwaambia wapishe shaba kwanza. Nsajigwa alinijibu, "Tutapisha, Mwalimu. Tuna subira kuliko ninyi."

Tulisimama. Dada yako alikuwa nyuma, kama tulivyopatana. Nikahesabu, tukapuliza.

Anyosisye, sijui nieleze vipi. Alikuwa juu yetu. Hakuwa juu mbali, maana hiyo ingekuwa afadhali. Alikuwa jirani kabisa, kama watu wawili wanaopita mlango mmoja kwa wakati mmoja na hakuna anayerudi. Shaba ilisaga shaba. Watu waliziba masikio. Mtoto mmoja alianza kulia. Nilimfanyia ishara ashuke, hakuniona, alikuwa amefumba macho. Tuntufye alishusha kornet yake. Mwenzake akashusha. Nami nikaacha. Yeye hakuacha. Aliendelea peke yake mpaka mwisho wa ubeti, na nitasema kweli mbele za Mungu, peke yake alipiga vizuri. Halafu akafumbua macho akatukuta tumeshusha vyombo, tunamtazama.

Ndipo Nsajigwa akasimama. "Mmesikia wenyewe? Kaka yangu anaikataa shaba." Ngoma zikaanza. Waliingia na mikuki, wakaruka juu ya udongo, na mama yako hakuwa na nguvu za kuwazuia. Wakristo wengi walitoka. Dada yako alibaki amesimama palepale na baragumu kifuani, wachezaji wakimzunguka kama mti.

Wazee wa kanisa wameamua kwamba mama yako asikaribie Meza ya Bwana, kwa kuwa ngoma ilichezwa uani kwake, mpaka ijulikane kosa lilitoka wapi. Wapo wanaosema shaba ilimkataa kwa kuwa ni mwanamke. Mimi nasikiliza tu.

Mwalimu Lazaro


Dar es Salaam, 12 Septemba 1912

Mdogo wangu, mdogo wangu,

Barua yako na ya Lazaro zimefika siku moja. Nilisoma yako kwanza. Kwa saa nzima nilikuwa na Baba aliye hai.

Ile barua yangu ya Juni, je, ilikufikia? Karani anasema aliituma mwisho wa Juni. Basi imefika wakati Baba yuko ardhini. Umeshasoma na umeshajua. Niliipandisha hatua moja kwa kalamu, nawe ukaipandisha hatua moja kwa vidole. Hukukosea. Kanuni yako ilikuwa ya kweli, na karatasi yangu ilikuwa ya kweli, na kweli mbili zimemzika Baba kwa ngoma. Kungekuwa na neno moja pembeni ya ile karatasi, neno moja tu, "usiongeze"! Msafara ulikuwa unaondoka, nilikuwa nakimbia pembeni ya Eliya, nikamtupia.

Mweleze Lazaro. Mchukue mpaka kwenye kinanda, mwonyeshe noti, mwonyeshe karatasi. Ni hesabu, si laana, hata asiyependa atakubali. Sema kosa ni langu, nimeandika bila kueleza. Mama arudi mezani.

Naambatanisha karatasi mpya, kwa ufunguo wa besi, kama kitabu cha nyumbani. Siku ya kuweka jiwe kaburini simama upige na wenzako. Watasikia wenyewe. Nakuomba, Atuganile. Nisikie kwamba umepiga.

Anyosisye


Ikolo, 3 Novemba 1912

Kaka,

Barua ya Juni ilifika siku nane baada ya maziko. Niliisoma nikiwa nimesimama njiani, na tarishi bado ananitazama kama nitamjibu.

Nilifanya ulivyosema. Nilimpeleka Mwalimu Lazaro kwenye kinanda. Nilimwonyesha C ya kitabu, nikamwonyesha C ya pwani, nikapuliza zote mbili. Ni mtu mwenye masikio, alielewa upesi kuliko nilivyotaraji. Alikaa kwenye kiti cha mke wa Bwana mchungaji, akaweka mikono magotini.

"Kwa hiyo ni karatasi ya kaka yako," akasema.

"Ni karatasi yake na kanuni yangu."

"Wewe ni msichana, hukufundishwa. Yeye amefundishwa. Ametuma karatasi ya pwani kwenye maziko ya baba yake bila neno." Akafunga kinanda. "Na huyu ndiye Bwana mchungaji ataturudishia awe juu yangu? Nilikuwa sijui kama wazee wataniunga mkono nikimkataa. Sasa najua."

Alikuwa anajua habari ya ahadi yako, Kaka. Sikumwambia mimi. Nadhani alijua siku zote, na alikuwa amekaa akingoja kitu cha kushika mkononi, nami nimekwenda kwa miguu yangu kumpa.

Nikamwambia aniache nifikiri. Akasema nifikiri mpaka Jumapili ya Meza ya Bwana, maana siku hiyo wazee watauliza.

Nataka ujue nilivyofikiri, maana hakuna mwingine wa kumwambia. Mama, Jumapili za Meza, alikuwa akikaa nje chini ya upenu, mgongo ukiwa umegusa ukuta, akiimba nyimbo za watu walio ndani. Anaimba kwa sauti ndogo ili asisikike. Baba mdogo akipita njiani humwita, "Shemeji, njoo kwangu, ngoma haina mlango." Hakuna ubaya katika sauti yake, nadhani anamhurumia kweli. Mama anacheka, halafu anarudi kuimba. Nilimtazama Jumapili tatu. Nikisema kweli, Mama atarudi ndani na wewe utabaki nje. Baba alikufa akinyamaza ili uwe mwalimu wa bendi. Nikinyamaza, Mama ataufia ule upenu. Kulikuwa na maneno ya tatu, yale ambayo watu walikuwa wameshayasema wenyewe. Yalikuwa tayari, yaliningoja mimi tu niyatamke.

Kabla ya hapo wasichana wawili wa shule walikuwa wamenijia shambani kwa siri. Walitaka niwafundishe. Mmoja, Elizabeth wa Mika, alitoa sauti siku ya kwanza, sauti safi, akashtuka akalitupa baragumu kwenye matope, tukacheka sote watatu. Nilicheka, Kaka, baada ya yote yale. Hilo nalo nililifikiri.

Jumapili wazee waliuliza. Nilikwenda mbele. Nikasema kwamba nililigusa baragumu kwa kiburi, na kwamba lilinikataa kwa sababu mimi ni mwanamke. Nilisema kwa Kinyakyusa, polepole, ili hata walio nje wasikie. Lazaro alinitazama. Alijua kwamba nasema uongo, na alijua nimemnyang'anya kile alichokuwa amekishika. Mama aliingizwa siku hiyohiyo. Alikipokea kikombe kwa mikono miwili, akakiinamisha mapema mno, divai ikamwagikia kanga yake.

Kwa hiyo sitapiga siku ya jiwe. Baragumu nimelikabidhi kwa Tuntufye na karatasi yako mpya pamoja nalo. Njoo mwakani uwafundishe. Wewe hukukosea lolote, hapa kila mtu anajua hivyo.

Baada ya ibada mzee mmoja akatoa shauri kwamba mwanamke asishike tena shaba katika kanisa letu, sasa wala baadaye. Wanaoafiki wakaombwa wasimame. Elizabeth alikuwa benchi la mbele yangu, akageuka kunitazama.

Nilisimama.

Atuganile